Lenzi Ghali au Kipimo Sahihi? Kinachoamua Matokeo ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Siku hizi mazungumzo kuhusu upasuaji wa mtoto wa jicho yamekuwa mazungumzo ya bei na ya nchi. Lenzi ya India ni sawa na ya Ujerumani? Mbona fulani alipasuliwa bure kwenye kambi ya macho na anatembea bila miwani, huku mwenzake aliyelipa mamilioni ya shilingi katika hospitali binafsi hawezi kusoma ujumbe wa simu bila miwani? Mbona pengine mgonjwa hupimwa jicho kwa mashine, tena zaidi ya mara moja, na pengine hupelekwa chumba cha upasuaji moja kwa moja? Na wale wanaosema mtoto wa jicho amewarudia baada ya mwaka au miwili, je, walitiwa lenzi mbovu?

Swali la mwisho lina jibu fupi, kwa hiyo tulimalize mapema. Mtoto wa jicho akishatolewa harudi. Kinachotokea ni kwamba utando mwembamba unaoishikilia lenzi mpya kwa nyuma huota ukungu, na daktari huutoboa kwa leza kwa dakika chache bila kulifungua jicho.

Maswali mengine ni magumu zaidi, kwa sababu yanachanganya mambo matatu ambayo mgonjwa huyaona kama moja: ustadi wa mpasuaji, aina ya lenzi, na kipimo kilichotumika kuchagua nguvu ya lenzi hiyo. La tatu halizungumzwi sana, ingawa linaeleza sehemu kubwa ya tofauti ambazo watu huzihusisha na bei. Uchambuzi huu unaeleza kwanza lenzi na kipimo vilitoka wapi, kisha unaipima misimamo minne inayoshindana kuhusu wapi pesa na juhudi zielekezwe.

Lenzi ya kwanza na kosa lake

Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyopoteza uwazi wake. Kabla ya lenzi bandia, mpasuaji aliitoa lenzi hiyo na kuliacha jicho bila chochote cha kukusanya mwanga mahali pake. Mgonjwa alivaa miwani mizito ya dayopta (kizio cha nguvu ya lenzi) 10 hivi iliyokuza vitu na kukata pembe za uoni. Mwanga ulirudi, lakini mtu alijikwaa ngazini.

Daktari Mwingereza Harold Ridley alibadilisha hali hiyo katika Hospitali ya St Thomas' jijini London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ameona marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki kutoka madirisha ya ndege, na plastiki hiyo ikakaa ndani ya jicho bila kulichochea. Novemba 1949 alianza upasuaji wa kwanza wa kupandikiza lenzi ya plastiki ya aina hiyo, na hatua ya pili ikakamilika Februari 1950.

Jicho liliikubali lenzi, lakini hesabu ilikuwa imekosewa vibaya. Mgonjwa wa kwanza alibaki na kasoro ya dayopta 18 upande wa kutoona mbali, pamoja na dayopta 6 za astigmatizimu, yaani kasoro ya jicho lisilopinda sawasawa pande zote. Umbo la lenzi lilikuwa limeiga mno lile la asili, ilhali plastiki huupinda mwanga zaidi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza maswali yalikuwa mawili. Jicho litaikubali lenzi? Na lenzi iwe na nguvu gani kwa jicho hili? La kwanza lilijibiwa ndani ya miongo michache. La pili bado linafanyiwa utafiti.

Hesabu yenyewe

Ili kuchagua nguvu ya lenzi, mpimaji anahitaji vipimo viwili vikuu: urefu wa jicho kutoka konea, yaani kioo cha mbele, hadi retina nyuma, na nguvu ya konea yenyewe, inayotokana na mpindo wake. Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa milimita 23.5 hivi, na konea yake ina nguvu ya dayopta 43 au 44.

Mwaka 1967 Svyatoslav Fyodorov wa Umoja wa Kisovyeti alichapisha kanuni ya kuviunganisha vipimo hivyo. Mwaka 1980 Wamarekani Sanders, Retzlaff na Kraff wakatoa kanuni rahisi iliyoenea duniani kote, SRK. Unachukua namba ya lenzi iliyoandikwa kwenye pakiti, unatoa urefu wa jicho mara 2.5, kisha unatoa nguvu ya konea mara 0.9. Tuseme namba ya pakiti ni 118.4, urefu ni 23.5 na konea ni 44. Unapata 118.4 kutoa 58.75 kutoa 39.6, yaani lenzi ya dayopta 20. Sasa tuseme mpimaji amekosea milimita moja tu na kuandika 22.5. Kanuni itamwagiza aweke lenzi ya 22.5. Mgonjwa huyo atatoka chumba cha upasuaji akiwa na jicho safi, lenzi safi na kidonda kizuri, lakini hatamtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara.

SRK ya mwaka huo imepitwa na wakati, hasa kwa macho mafupi sana au marefu sana, lakini inaonyesha wazi uzito wa milimita moja. Nyuma ya vipimo hivyo viwili kuna jambo la tatu lisilopimika kabla ya upasuaji: lenzi itatulia umbali gani nyuma ya konea baada ya jicho kupona. Hilo hukadiriwa tu, na kanuni zilizofuata zimetofautiana hasa katika namna ya kulikadiria.

Msimamo wa kwanza: idadi kwanza

Kundi la kwanza linasema kipaumbele ni kupasua watu wengi iwezekanavyo. Hoja yao ina uzito. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 kuhusu uoni ilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 65 wana upungufu wa kuona au upofu kutokana na mtoto wa jicho. Madaktari bingwa wa macho katika Afrika Mashariki ni wachache na wamejazana mijini. Kenya na Tanzania zimelazimika kuwafunza maofisa tabibu na madaktari wasaidizi kufanya upasuaji huu. Kila dakika inayotumika kwenye mashine, wanasema, ni dakika ambayo kipofu mwingine anasubiri.

Upasuaji wenyewe umewapa nguvu. Njia ya mkato mdogo usioshonwa, isiyohitaji mashine ghali ya kusaga lenzi, ilishindanishwa na mashine hiyo nchini Nepal katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, asilimia 98 ya wagonjwa wa kila upande waliona kwa kiwango cha 6/18 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 18) au bora zaidi wakisaidiwa na miwani, na njia ya mkato mdogo ilichukua muda mfupi zaidi. Kwa hiyo asiyepasuliwa kwa mashine ya kisasa hajapunjwa kwa sababu hiyo pekee.

Hata lenzi rahisi imejitetea. Kiwanda cha Aurolab huko Madurai, India, kilichoanza mwaka 1992 kikihusishwa na hospitali za Aravind, kilishusha bei ya lenzi kutoka makumi ya dola hadi dola chache. Viwanda vilivyosaidiwa na taasisi ya Fred Hollows mjini Kathmandu na Asmara, Eritrea, vilifanya vivyo hivyo. Bei ilishuka kwa sababu ya uzalishaji mkubwa na mfumo usiotafuta faida kubwa, kwa hiyo si haki kuidharau lenzi ya India kwa kuwa ni ya India.

Udhaifu wa msimamo huu unaonekana pale idadi inapogeuka kisingizio cha kutopima. Pasipokuwa na mashine, kambi nyingine zimetumia lenzi ya nguvu moja, kama dayopta 21 au 22, kwa kila mgonjwa. Wenye macho ya wastani watafurahi. Lakini mwenye jicho la milimita 26 na konea ya 44 alihitaji lenzi ya dayopta 14 hivi. Akipewa ya 21 atabaki na kasoro ya takriban dayopta 5, na ataona vizuri kitu kilicho sentimita 20 kutoka usoni. Kwenye takwimu za kambi yeye ni upasuaji mmoja uliokamilika. Akifika kijijini huwa tangazo baya, na wanaomwona huahirisha upasuaji wao.

Hii ni sababu mojawapo iliyofanya dunia ibadili kigezo. Mwaka 2021 Mkutano wa Afya Duniani uliweka lengo la kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, sehemu ya wenye uhitaji wanaopata upasuaji wenye matokeo mazuri. Kinachohesabiwa si jicho lililopasuliwa tu, bali jicho linaloona 6/12 au zaidi kwa hali ambayo mgonjwa anaishi nayo, pamoja na miwani anayoivaa ikiwa anayo.

Msimamo wa pili: kila jicho lipimwe

Kundi la pili linasema hakuna jicho linalopaswa kutiwa lenzi bila kupimwa. Ndani ya kundi hili kuna ubishi wa chombo gani kitumike.

Chombo cha zamani hupima urefu kwa mawimbi ya sauti. Ni cha bei ndogo zaidi, kinabebeka, na kinapenya mtoto wa jicho hata aliyekomaa kabisa. Tatizo lake liko mkononi mwa mpimaji. Ncha inapogusa konea huisukuma kidogo, na jicho husomeka fupi kwa sehemu moja hadi tatu za kumi za milimita. Kanuni nayo hupendekeza lenzi yenye nguvu kupita kiasi. Kwa msukumo wa sehemu tatu za kumi, mgonjwa anaweza kupoteza karibu robo tatu ya dayopta au zaidi. Dawa yake inajulikana na si ghali: kikombe kidogo cha plastiki huwekwa juu ya jicho na kujazwa maji maalumu, ili ncha ipime ikiwa ndani ya maji bila kuigusa konea. Kinachohitajika ni mafunzo na subira ya dakika chache zaidi.

Chombo kipya hutumia mwanga. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilileta IOLMaster mwaka 1999, na usahihi ukapanda kutoka sehemu ya kumi ya milimita hadi karibu sehemu ya mia. Hakigusi jicho, kinapima urefu na konea kwa pamoja, na hakitegemei sana mkono wa mpimaji. Lakini kina bei kubwa, kinahitaji umeme wa uhakika na fundi wa kukitengeneza, na mwanga hushindwa kupita kwenye lenzi iliyoziba kabisa. Mashine za kizazi cha karibuni zimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Hospitali inayopokea wagonjwa waliochelewa miaka mingi ndiyo itakayokuta mashine ya mwanga ikikataa mara nyingi, kwa hiyo kununua ya mwanga na kuitupa ya sauti ni kuwaacha walioathirika zaidi.

Udhaifu wa jumla wa kundi hili ni kudhani kwamba kupima kunatosha. Kipimo kikisema 14 na sanduku la lenzi lina 19 hadi 23 pekee, karatasi ya kipimo haina faida. Stoo yenye nguvu zote, na mtu anayeagiza kabla hazijaisha, ni sehemu ya kipimo.

Msimamo wa tatu: lenzi za kisasa

Kundi la tatu linavutiwa na lenzi zinazoahidi kumwondolea mgonjwa miwani. Lenzi ya kawaida ina umbali mmoja wa kuona. Ikilengwa mbali, mtu atahitaji miwani ya kusomea, na hilo si kosa la upasuaji. Lenzi za umbali mwingi huugawa mwanga ili mtu aone mbali na karibu. Lenzi za toriki hurekebisha astigmatizimu. Ipo pia lenzi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 ambayo nguvu yake hurekebishwa kwa mwanga maalumu baada ya upasuaji.

Faida zake ni za kweli, na gharama zake pia. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2016 yaliona kuwa wenye lenzi za umbali mwingi huona karibu vizuri zaidi na hutegemea miwani kidogo, lakini hulalamika zaidi kuhusu mng'ao na duara za mwanga kuzunguka taa. Kwa dereva wa usiku hilo si jambo dogo. Mwanga ukigawanywa, ukali wa tofauti kati ya giza na weupe hupungua, na mtu ambaye jicho lake limeguswa na kisukari au presha ya macho hana akiba ya kupoteza. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya afya Uingereza, ilielekeza mwaka 2017 kwamba wagonjwa wa mtoto wa jicho wasipewe lenzi za umbali mwingi katika huduma ya umma.

Toriki ina hoja yenye nguvu zaidi kwa aliye na astigmatizimu kubwa, lakini haisamehe. Kila digrii moja ya kukaa upande huondoa takriban asilimia 3.3 ya marekebisho; ikikaa digrii 30 nje ya mstari, faida yote imekwisha. Ile inayorekebishwa kwa mwanga inamtaka mgonjwa arudi mara kadhaa na kuvaa miwani ya kukinga jua mpaka kazi ikamilike, sharti gumu kwa anayesafiri siku nzima kufika hospitali.

Hapa kuna mkanganyiko unaowagharimu watu pesa nyingi. Kadiri lenzi inavyokuwa ya kisasa, ndivyo inavyohitaji kipimo sahihi zaidi. Lenzi ya kawaida ikikosewa nusu dayopta, wengi hawatambui. Ya umbali mwingi ikikosewa kiasi hicho huharibu mbali na karibu kwa pamoja. Anayelipia lenzi ghali mahali ambapo upimaji ni wa kubahatisha ananunua hatari kubwa zaidi.

Msimamo wa nne: kanuni mpya na kompyuta

Kundi la nne linasema suluhisho liko kwenye hesabu. Baada ya SRK zilikuja Holladay, Hoffer Q, SRK/T na Haigis, kisha Barrett Universal II kutoka Australia. Hill-RBF iliyotoka mwaka 2016 hutumia kompyuta iliyofunzwa kwa matokeo ya macho mengi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha kanuni kwa macho zaidi ya 18,000, uliipa Barrett nafasi ya juu: takriban macho manane katika kumi yaliangukia ndani ya nusu dayopta ya lengo, wakati kanuni za zamani zilikuwa kati ya saba na manane.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba kanuni haina gharama ya ziada. Barrett inapatikana bure kwenye intaneti, na hospitali yenye vipimo vizuri inaweza kuitumia kesho. Udhaifu wake ni kwamba faida hiyo ya pointi chache inatokana na macho yaliyopimwa kwa mashine bora. Kanuni ikilishwa urefu uliosukumwa na ncha ya mawimbi ya sauti, itatoa jibu la kosa kwa ustadi mkubwa. Tena namba ya lenzi iliyo kwenye pakiti ni ya kuanzia tu: inapaswa kusahihishwa kulingana na mashine na mpasuaji wa mahali husika, na hilo haliwezekani bila kumbukumbu za matokeo.

Kuipima misimamo

Tafiti mbili zinasaidia kuona nani yuko wapi. Mwaka 1992, enzi ya mawimbi ya sauti, Thomas Olsen wa Denmark alikokotoa kwamba asilimia 54 ya kosa ilitokana na urefu wa jicho, 38 na makadirio ya mahali pa lenzi, na 8 na konea. Mwaka 2008, enzi ya mwanga, Sverker Norrby alikuta urefu umeshuka hadi 17. Makadirio ya mahali pa lenzi yalichangia 35, na kipimo cha miwani baada ya upasuaji 27.

Maana yake ni kwamba misimamo hii inazungumzia hospitali zilizo katika hatua tofauti. Pale ambapo urefu unapimwa kwa mwanga, kosa lililobaki liko kwenye makadirio, na hapo kanuni mpya zina kazi. Pale ambapo urefu unapimwa kwa ncha inayogusa, au haupimwi kabisa, kosa bado liko kwenye urefu, na kanuni mpya wala lenzi mpya haziligusi. Makosa ya mjadala wetu huanzia hapa: tunaagiza majibu ya hospitali za Ulaya kwa tatizo la hospitali ya wilaya.

Msimamo wa idadi na ule wa kipimo pia haiko mbali kama inavyodhaniwa. Upimaji kwa kikombe cha maji unaweza kufanywa na mtaalamu wa kada ya kati siku moja kabla, bila kumpunguzia mpasuaji dakika hata moja. Kinachoshindana na kipimo kwa kweli ni ratiba ya kambi inayoanza asubuhi na kupasua mchana uleule.

Kwa hiyo mpangilio wenye mantiki kwa hospitali nyingi za ukanda huu ni huu: kwanza kila jicho lipimwe urefu na konea, kwa kikombe cha maji pasipo mashine ya mwanga, pili stoo iwe na lenzi za nguvu zote, tatu mgonjwa apimwe tena wiki kadhaa baadaye na namba ziandikwe, nne kanuni iboreshwe kwa kumbukumbu hizo, tano ije mashine ya mwanga, ile ya sauti ikibaki kwa macho yaliyoziba. Lenzi za umbali mwingi ziwe mwisho, kwa mgonjwa mwenye jicho zima, kipimo cha uhakika na uelewa wa anachokipoteza. Toriki inaweza kutangulia kidogo pale konea inapopimwa vizuri.

Kuna hatua nyingine isiyo na gharama yoyote, ambayo ni kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Mchungaji wa mifugo atataka mbali. Fundi cherehani au mwalimu wa madrasa anaweza kupenda jicho lilengwe karibu, avae miwani barabarani. Lenzi ni ileile. Kinachobadilika ni lengo la hesabu.

Kwa muhtasari

Nchi ya kiwanda na bei haviamui peke yake mgonjwa ataona vipi. Lenzi rahisi ya umbali mmoja, ikichaguliwa kwa kipimo sahihi na kuwekwa na mkono wenye ustadi, itampa mtu mwenye retina nzima uoni mzuri, na miwani ya kusomea haitakuwa dalili ya kushindwa. Wanaotetea idadi wako sahihi kwamba anayesubiri ni kipofu, ila wanakosea wanapohesabu jicho lisiloona mbali kuwa ushindi. Wanaotetea mashine wako sahihi kuhusu usahihi, ila wanasahau stoo na macho yaliyoziba. Wanaotetea lenzi za kisasa na kanuni za kompyuta wanaelezea ghorofa ya juu ya nyumba ambayo msingi wake ni upimaji.

Anayempeleka mzazi wake kupasuliwa aanze na maswali manne: jicho litapimwa kwa njia gani, lenzi ya nguvu hiyo ipo, tunalenga mbali au karibu, na lini atapimwa tena baada ya upasuaji? Hospitali inayoyajibu yote bila kusita inaweza kuaminiwa na lenzi ya dola chache. Inayoyakwepa haifai kuaminiwa na lenzi ya bei yoyote.